Istilahi za Njia za Mawe katika Bustani

Utangulizi

Watafsiri wengi hudhani kwamba maandishi magumu ni yale ya sheria, ya udaktari na ya falsafa, na kwamba maelezo ya kazi za mikono ni mepesi. Sisi tumekwisha kuonyeshwa kinyume chake. Mwandishi wa sheria huandika kwa ajili ya msomaji mwenye nafasi ya kuuliza na kubishana. Bali fundi mwenye sululu mkononi hulisoma neno mara moja, akalitenda. Neno likiwa si lake, au likiwa na maana mbili, kosa halibaki katika karatasi, linachimbwa ardhini.

Mmoja wetu alipata kushiriki katika kutafsiri karatasi ya maelezo ya kujenga njia ya mawe katika bustani ya shule moja. Njia hiyo ilikusudiwa kutoka madarasani hadi kwenye kisima, nayo ilikuwa ipitwe na watoto, walimu wazee, na mwanafunzi mmoja aliyetembea kwa magongo. Katika tafsiri yetu tuliandika kwamba njia iwe na “mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita”, na kwamba mawe “yaungwe kwa viungo vya sentimita 2”. Maneno yote ni ya Kiswahili, wala hakuna kosa la sarufi. Fundi, ambaye alikuwa mwashi hodari, aliisoma kama alivyoandikiwa. Aliiteremsha njia kwa urefu wake kuelekea ukuta wa darasa, akaviziba viungo vyote kwa saruji. Masika ilipofika, maji hayakuwa na pa kupenya wala pa kumwagikia pembeni. Yalifuata njia yote mpaka ukutani, yakatuama hapo. Ukoga ukaota juu ya mawe, na mwalimu mmoja akateleza akavunjika kifundo cha mkono.

Maandishi ya asili yalitaka njia iinamie upande mmoja kwa upana wake, na mawe yaachiwe nafasi iliyojazwa mchanga mtupu. Fundi hakukosea, tuliokosea ni sisi tulioandika. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuieleza kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua, na katika kila hatua kulipima neno lifaalo.

1. Njia, kijia na ujia

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya kutaja mahali pa kupita. Tunayo njia, kijia, ujia, barabara, kichochoro na mapito. Kosa la kawaida la watafsiri ni kuyatumia kana kwamba yote ni mamoja, leo hili na kesho lile, ili kuepuka kurudiarudia. Katika insha jambo hilo huenda likawa pambo. Katika maelezo ya kazi ni mtego.

Barabara tuiache nje ya bustani. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni usawa. Ndiyo maana hata leo twasema kwamba jambo limekwenda barabara. Neno hilo limekwisha kuwa mali ya magari. Kichochoro nacho ni cha mjini, baina ya nyumba na nyumba, kama vile vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja.

Yaliyobaki twapendekeza yagawanywe kwa upana. Njia iwe ile ambayo watu wawili waweza kuandamana bega kwa bega, yaani upana usiopungua sentimita 120. Kijia kiwe cha mtu mmoja, sentimita 60 hadi 90. Ujia uwe ule upenyo mwembamba uliobanwa baina ya tuta na tuta, au baina ya ukuta na kitalu, ambao mtunza bustani huutumia kwa kupalilia tu, wala aghalabu hautandikwi mawe. Mgawanyo huu si wetu wa kubuni, kwani kiambishi ki- kimekwisha kutuambia udogo, na u- kimekwisha kutuambia wembamba.

Mtumishi wa Serikali anayeandika hati ya zabuni na akumbuke kwamba mtu anayetumia kiti cha magurudumu hahitaji chini ya sentimita 90, na kwamba sentimita 120 ndizo zinazomstarehesha. Akiandika “kijia” mahali pa “njia”, amemfungia mtu mlango bila kujua.

2. Majina ya mawe

Jiwe la asili ni lile lililotoka ardhini kama lilivyo, si tofali wala zege. Likitumiwa bila kuchongwa twaliita jiwe ghafi. Likisawazishwa kwa tindo na nyundo ni jiwe la kuchongwa. Jiwe pana lenye uso ulionyooka na unene mdogo ni jiwe bapa. Baadhi ya waandishi husema “bamba la jiwe”. Neno hilo si baya, lakini bamba limezoeleka zaidi kwa madini, kama bamba la bati au la chuma, nasi twaona jiwe bapa linaeleweka mara moja hata na asiyesoma.

Kuhusu aina za mawe, nchi zetu zimejaliwa. Pwani yote, tangu Lamu hadi Kilwa, imejengwa kwa mawe yatokanayo na matumbawe. Yako matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo ni laini yakiwa mabichi, huchongeka kwa urahisi, kisha hukaza yanapokauka. Na yako mawe ya matumbawe ya kale yachimbwayo nchi kavu, magumu zaidi na yenye uso wa kukwaruza. Kwa njia ya bustani ni haya ya pili tu yafaayo. Yale ya baharini huliwa upesi na nyayo, na tena kuyatoa ni kuharibu mazalio ya samaki.

Nyuma ya Mombasa, upande wa Mazeras, huchimbwa jiwe la mchanga ambalo kwa maumbile limo tabaka juu ya tabaka, hivyo hupasuka likawa bapa. Jiwe hilo limeenea sana katika bustani na nyua za Kenya, na watu wamelipa jina la mahali: wao husema tu “mawe ya Mazeras”. Hapa mtafsiri na awe macho. Jina la mahali linafaa mnunuzi anapotaka jiwe la machimbo hayo hasa. Lakini maelezo yakikusudia aina ya jiwe, popote litokapo, yafaa kuandikwa “jiwe bapa la mchanga”. La sivyo msomaji wa Songea au Bukoba ataambiwa atafute kitu cha mbali ilhali jamaa yake kimo kilimani kwake.

Mwanza inajulikana kwa majabali yake ya itale. Itale ni jiwe gumu lisilo na tabaka, kwa hiyo halipasuki bapa lenyewe. Wapasuaji huwasha moto juu ya jabali mpaka lishike joto, nalo hubambuka. Au hutoboa mstari wa mashimo wakapigilia kabari. Jiwe la namna hiyo hudumu vizazi, lakini lisisuguliwe likang'aa, maana uso unaong'aa huwa utelezi mvua inyeshapo.

Yabaki maneno matatu ambayo huleta ugomvi mwingi katika hesabu za vifaa: kokoto, changarawe na kifusi. Katika mazungumzo hubadilishana nafasi, lakini kwa mwashi si kitu kimoja. Kokoto ni vijiwe vilivyopondwa kwa nyundo au kwa mashine, navyo vina pembe. Changarawe ni mchanga mkubwa uliochanganyika na vijiwe vya mviringo, kama utokavyo mtoni. Kifusi ni mabomoko ya nyumba, au udongo wenye mawe uletwao kujaza shimo. Tofauti hii ina uzito wake. Kokoto zenye pembe zikishindiliwa hushikana na kukaa. Vijiwe vya mviringo huteleza kila kimoja juu ya mwenzake, hata vishindiliwe siku nzima. Mtafsiri akiandika “changarawe” mahali pa “kokoto”, njia itabonyea kabla ya mwaka kwisha.

3. Kuchora na kupima

Kabla ya kuchimba, fundi huchora njia juu ya ardhi. Hupiga vigingi na kufunga uzi kwa sehemu zilizonyooka, na kwa sehemu zilizopinda hulaza kamba nene au hunyunyiza majivu. Kisha huipita njia yake mara kadhaa, asubuhi na jioni, akiwa amebeba ndoo au akisukuma toroli, ili aone kama kona zake zafuata mwendo wa kawaida wa mtu. Njia iliyopindishwa bila sababu haitafuatwa: watu watakata mkato juu ya ukoka, na baada ya mwezi kutakuwa na njia mbili, ya mawe isiyopitwa na ya vumbi ipitwayo. Kwa hiyo pindo liwe na kisa, kama vile mwembe, mwamba au kisima. Mwembe nao uachiwe nafasi ya kutosha, maana mizizi yake itainua mawe.

Kwa vyombo vya kupimia tunayo maneno imara yasiyohitaji kubadilishwa. Timazi hupima wima, na pimamaji hupima usawa. Tumewahi kuona tafsiri zilizobuni “kipimausawa”. Hatuoni haja. Pimamaji limo midomoni mwa waashi wote, na istilahi iliyozaliwa na kazi ina haki ya mzaliwa wa kwanza.

4. Kuchimba na kushindilia

Kina cha kuchimba hupatikana kwa kujumlisha tabaka zote. Tuchukue njia ya kawaida ya waenda kwa miguu: tabaka la kokoto zilizoshindiliwa sentimita 10, mchanga sentimita 4, jiwe sentimita 5. Jumla ni sentimita 19. Tukitaka uso wa njia uzidi ukoka kwa sentimita 1, basi tuchimbe 18. Mahali penye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, tabaka la kokoto liongezwe hata kufikia sentimita 20.

Je, tabaka hilo la kokoto liitwe nini? Watafsiri wengi huandika “msingi”. Twashauri neno hilo liachwe. Kwa mwashi, msingi ni wa ukuta; ni mtaro uliochimbwa mpaka udongo mgumu, ukajazwa mawe na saruji. Akisoma “msingi wa njia” atachimba kwenda chini kupita haja, na mwenye bustani atalipia mawe yasiyotakiwa. Tabaka la chini linatosha, tena halina hatari. Palipo na tabaka mbili, ya pili iitwe malalio, kama tutakavyoeleza.

Kitenzi cha kazi ni kushindilia. Kokoto humwagwa kidogo kidogo, unene usiozidi sentimita 10 kwa mara moja, zikanyunyiziwa maji, zikashindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Chombo chake kilikuwa na jina kongwe, kipande: lile gogo lenye mpini ambalo kwalo dari na sakafu za chokaa za nyumba za mawe zilipigwa kwa siku nyingi, huku nyimbo zikiimbwa kwa pigo la kazi. Jina hilo tunalipenda, lakini kipande siku hizi ni sehemu ya kitu chochote. Tena wazee wa Kenya hukumbuka kipande kuwa ile hati ya kazi iliyochukuliwa kwa shuruti wakati wa ukoloni. Twapendekeza shindilio, ambalo hueleza kazi yake lenyewe.

5. Kutandika, kusakifu na malalio

Twafika sasa katika kiini cha kazi, nacho ni kuyaweka mawe. Kamusi za kale zatupa kitenzi ambacho wengi wamekisahau: kusakifu, yaani kutengeneza sakafu ya mawe au ya chokaa. Neno sakafu lina safari ya kupendeza. Katika Kiarabu lina maana ya paa. Waswahili, ambao paa za nyumba zao za mawe zilikuwa bapa na za kukalika, waliliteremsha likawa pia jina la mahali pa kukanyaga. Hakuna ajabu: paa la wa chini ni sakafu ya wa juu.

Kwa upande mwingine kuna kutandika, ambalo twalitumia kwa mkeka, kwa shuka na kwa mawe pia. Lugha nyingine zilipita njia hiyo hiyo. Warumi waliiita njia iliyotandikwa mawe strata, maana yake iliyotandazwa. Neno hilo limezaa majina ya barabara za miji katika lugha kadhaa za Ulaya. Na wanazuoni wengi huona kwamba ndilo lililopitia Kiyunani na Kiaramu likaingia katika Kiarabu kuwa sirati, ambalo Waislamu wa pwani hulitaja wakiomba kuongozwa. Hivyo neno la kutandika mawe lilitufikia zamani kwa mlango wa dini kabla ya kutufikia kwa mlango wa ujenzi.

Twapendekeza vitenzi hivi viwili vigawane kazi. Kutandika kuwe ni kuyalaza mawe makavu juu ya mchanga bila saruji wala chokaa. Kusakifu kuwe ni kuyakaza mawe kwa chokaa au saruji hata yawe sakafu moja. Hivyo kitenzi peke yake kitamwambia fundi kama anunue saruji au asinunue.

Juu ya tabaka la chini humwagwa mchanga, sentimita 3 hadi 5, ukasawazishwa kwa ubao ulionyooka. Mchanga huo ndio jiwe hulalia. Tumepata kuona umeitwa “kitanda cha mchanga”. Tafsiri hiyo imefuata neno la Kiingereza lenye maana ya kitanda na ya tabaka pia, nayo humfanya msomaji acheke au ashangae. Wengine wamependekeza ulalo. Neno ni zuri kwa umbo, lakini limekwisha kuchukuliwa na walimu wa hisabati kwa mstari uendao kutoka pembe hadi pembe. Na mlalo pia wamelichukua. Tusiwanyang'anye. Twapendekeza malalio, kutokana na kulalia. Waashi wenyewe husema jiwe “limelala” au “halijalala”, kwa hiyo neno hili litakuwa halina ugeni kwao.

Jiwe hulazwa kwa mkono, uso wake mzuri juu, likagongwa taratibu kwa nyundo ya mti au ya mpira. Nyundo ya chuma isiligonge jiwe bapa moja kwa moja, hulipasua. Kisha fundi hulikanyaga kila pembe. Likichezacheza, huinuliwa, mchanga huongezwa au hupunguzwa, likalazwa tena. Wasiwepo wa kuona uvivu hapa: jiwe linalocheza siku ya kwanza litamwangusha mtu siku ya mia. Mawe makubwa huwekwa pembeni, kwa kuwa ndiko njia huanza kubomoka. Na nje yake husimamishwa mawe ya ukingo, yaliyozikwa nusu. Ukingo watokana na kukinga, nayo ndiyo kazi yake. Neno “pambizo”, ambalo baadhi huliandika, tuliachie karatasi.

6. Mwanya na kiungio

Hapa ndipo tafsiri yetu ya shule ilipoanguka. Baina ya jiwe na jiwe hubaki nafasi. Sisi tuliiita kiungo. Tazama jinsi neno hilo lilivyojaa: kiungo cha mwili, kiungo cha mchuzi, na kiungo cha kuungia vitu. Mwashi alichukua maana iliyo karibu na kazi yake, yaani kuunga, na mwashi huunga kwa saruji.

Lakini katika njia iliyotandikwa, nafasi ile haiungi kitu. Ni nafasi tu, iliyojazwa mchanga, au udongo uliopandwa ukoka, ili maji yapenye. Jina lake lipo tayari: mwanya, kama uliopo baina ya meno ya mbele. Upana wake uwe sentimita 1 hadi 3. Kiungio litengwe kwa njia iliyosakifiwa, ambamo nafasi imejazwa chokaa au saruji na kweli inaunga. Mwanya hupitisha maji na kiungio huyazuia. Kwa hiyo njia yenye viungio haina budi kupewa mahali pengine pa kuyamwaga.

Katika mawe ghafi, ambayo kila moja lina umbo lake, fundi hujitahidi nyanya zisifuatane zikawa mstari mmoja mrefu, wala pembe za mawe manne zisikutane mahali pamoja, maana hapo ndipo njia hulegea.

7. Mteremko na mwinamo

Kosa letu la pili lilikuwa katika neno mteremko. Ardhi ya bustani huweza kushuka kwa namna mbili. Yaweza kushuka kwa urefu wa njia, hata mwendaji akajiona anapanda au anatelemka. Huo ndio mteremko. Na uso wa njia waweza kulazwa kidogo upande mmoja kwa upana wake, hata mwendaji asihisi lakini maji yakahisi. Huo twapendekeza uitwe mwinamo. Mteremko hutokana na ardhi, na mwinamo hufanywa na fundi.

Mwinamo wa kawaida ni 1 kwa 50, yaani sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Njia ya sentimita 120 itashuka sentimita 2 na milimita 4 kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi huupima kwa ubao wa urefu huo: chini ya ncha moja hubandika kibao cha unene wa milimita 24, huiweka ncha hiyo upande wa chini, na pimamaji ikionyesha usawa, mwinamo umepatikana. Daima uelekee bustanini, kamwe usielekee ukutani. Kwa maelezo ya maandishi twashauri mtafsiri asitosheke na tarakimu. Aandike “mwinamo wa 1 kwa 50 kwa upana wa njia, kuelekea bustanini”. Maneno machache ya ziada ni nafuu kuliko ukuta ulionyauka kwa maji.

Mteremko nao una mipaka yake. Ukizidi 1 kwa 12, watu wengi wa viti vya magurudumu hawawezi kuupanda kwa nguvu zao. Na ukizidi sana hapo, hata mzima huteleza penye mvua, nayo njia yataka vipandio.

8. Vipandio na mawe ya hatua

Ngazi za bustani huwa pana na fupi kuliko za nyumba. Kila daraja moja ya ngazi hiyo tuiite nini? Daraja ni pia kivuko cha mto, na cheo. Kidato, ambacho asili yake ni ule mkato wa mguu katika mnazi, kimekwenda shule na hakikurudi: ukiandika “vidato sita” msomaji ataona wanafunzi. Kipandio ni safi. Kila kipandio kina kimo na upana, na kanuni yake ni kwamba kimo mara mbili, ukiongeza upana, vifike sentimita 60 hadi 65, ambazo ni hatua ya mtu mzima. Kimo cha 15 kwa upana wa 35 hutoa 65. Kimo cha 12 kwa upana wa 40 hutoa 64. Palipo na kupanda kwa sentimita 90 vitatakiwa vipandio 6 vya kimo cha 15. Vimo vyote viwe sawa, maana mguu hukariri kipandio cha kwanza na kuvitegemea vyote vilivyobaki.

Kuna pia njia isiyotandikwa yote, bali mawe bapa moja moja yaliyozikwa katika ukoka. Katika bustani za chai za Japani, zilizostawi tangu karne ya 16, mawe hayo yana jina lenye maana ya mawe ya kuruka. Kwetu, neno kikanyagio limekwisha kuwa la baiskeli na cherehani, na “mawe ya kuruka” yatawafanya watoto waruke kweli. Twapendekeza mawe ya hatua, kwa sababu hatua ndiyo kipimo chake: kutoka katikati ya jiwe hadi katikati ya linalofuata ni kama sentimita 60, na katika bustani ya watoto hupunguzwa kwa hatua yao. Kila jiwe liwe na upana wa sentimita 40 au zaidi. Kwanza yalazwe juu ya majani, yatembewe, yasogezwe, ndipo yazikwe.

9. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Jiwe bapa: jiwe pana, lenye uso ulionyooka na unene mdogo.
Jiwe ghafi: jiwe lisilochongwa.
Kiungio: nafasi baina ya mawe iliyojazwa chokaa au saruji.
Kipandio: daraja moja ya ngazi ya bustani.
Kokoto: vijiwe vyenye pembe vilivyopondwa.
Kusakifu: kuyakaza mawe kwa chokaa au saruji yawe sakafu moja.
Kutandika: kuyalaza mawe makavu juu ya mchanga.
Malalio: tabaka la mchanga ambalo jiwe hulalia.
Mawe ya hatua: mawe bapa yaliyozikwa moja moja kwa umbali wa hatua.
Mawe ya ukingo: mawe yaliyosimamishwa kandokando kuishika njia.
Mteremko: kushuka kwa njia kwa urefu wake.
Mwanya: nafasi baina ya mawe iliyoachwa maji yapenye.
Mwinamo: kulala kwa uso wa njia kwa upana wake.
Shindilio: chombo cha kushindilia.
Tabaka la chini: kokoto zilizoshindiliwa chini ya malalio.

Hitimisho

Katika maneno haya kumi na matano hakuna hata moja tulilolitunga kutoka hewani. Mengi yamo midomoni mwa waashi, mengine yamo katika kamusi yakingoja kuamshwa, na machache tumeyaongezea tu mpaka wa maana. Kazi ya istilahi mara nyingi si kuzaa neno jipya bali kulipa neno la zamani kiwanja chake na kuwaomba majirani wasikiingilie.

Haya ni mapendekezo, si amri. Twawaomba walimu wa ufundi wayajaribu karakanani, watafsiri wayapime katika kazi zao, na watumishi wa Serikali wayatumie katika hati za zabuni, kisha watuandikie. Zaidi ya yote twamwomba kila atakayetafsiri maelezo ya kazi amsomee fundi mmoja tafsiri yake kabla haijapigwa chapa, na amwulize: “Fundi, ukisoma hivi utafanya nini?” Njia ya shule ile ilifumuliwa ikatandikwa upya, safari hii kwa mwinamo na kwa mianya, na maji huenda bustanini. Tuliyoyaandika mara ya pili yalikuwa ni maneno yale yale ya Kiswahili chetu. Tofauti ni kwamba kwanza tulimwuliza fundi.